Nyumba Kuukuu, Mikono Yetu Wenyewe

Jumapili ile ndugu wengi walikuwa zamu kiwandani, na wengine barafu iliwazuia njiani. Mmeniomba niyaandike niliyoyasema ukumbini, kuhusu kununua na kukarabati nyumba kuukuu hapa Marekani, ili na nyie myapate. Haya hapa, yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, wamama, wababa, vijana, na nyie watoto mnaokimbizana huko nyuma: Salaam aleikum. Shalom. Amahoro. Hamjambo?

Naomba nianze na swali, na mnijibu kwa kunyoosha mikono bila aibu. Nani humu ndani amewahi kukanyaga udongo wa tofali kwa miguu yake?

Haya, tazameni ukumbi. Msishushe mikono bado. Nani amebeba ndoo za maji kichwani kuloweka udongo huo? Nani amejaza kalibu, akafyatua, akaanika tofali zake juani, halafu mvua ya ghafla ikaja ikazirudisha tope, na kesho yake akaanza upya? Ninawaona wazee wa Fizi na Uvira, Kongo. Ninawaona wa Makamba na Rumonge, Burundi. Ninawaona wamama tuliokuwa nao kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, walioezeka nyumba kwa turubai la UNHCR na nyasi walizozikata wenyewe, waume zao wakiwa hawapo.

Shusheni mikono. Swali la pili. Nani humu ndani anaamini kwamba atamiliki nyumba hapa Marekani?

Nimehesabu mikono sita.

Wapendwa, nimesafiri mwendo wa saa tatu leo kwa ajili ya ile mikono mingine yote iliyobaki chini.

Mimi ni mtoto wa Nyarugusu. Niliingia kambini nikiwa mgongoni kwa mama, mwaka ule ule kambi ilipofunguliwa, 1996, na nilitoka nikiwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni. Tulipofika Marekani tulipangiwa fleti katika mji mkubwa. Baadaye tukafuata kazi ya kiwanda cha kuku kwenye mji mdogo wa watu kama elfu nane. Katika miaka mitano tulihama nyumba za kupanga mara nne. Kila tukishusha mizigo, binti yangu mkubwa alikuwa ananiuliza swali moja: "Mama, hii ndiyo yetu?" Mara nne nimemjibu hapana.

Leo tuna nyumba. Ilijengwa mwaka 1926, ya mbao, ina chumba cha chini ya ardhi na ghorofa moja juu. Tulipoinunua ilikuwa imekaa tupu miaka minne. Sakafu ya jikoni ilikuwa inabonyea ukiikanyaga, na ndege walikuwa wamejenga darini. Watu wa kwetu walipokuja kuiona walinyamaza, na mnajua sisi tukinyamaza maana yake nini. Shangazi yangu peke yake ndiye aliyesema: "Mwanangu, umetoka kwenye nyumba ya tope ili uje kuingia kwenye gofu?"

Ndiyo, shangazi. Gofu. Na magofu ya namna hiyo yamejaa kwenye miji midogo ya nchi hii. Vijana wamekwenda mijini, wazee wamefariki, warithi wanaishi mbali na hawana haja hata ya kuja kukata majani. Nyumba mpya hatuziwezi, tusidanganyane. Lakini nyumba ambayo msingi upo, nguzo zimesimama, na kilichoharibika ni vitu ambavyo mtu mwenye mikono anaweza kujifunza kuvitengeneza, hiyo tunaiweza. Tunaiweza!

Mtaniuliza, fedha zinatoka wapi? Jibu huwashangaza wengi: Wizara ya Kilimo. Mwaka 1949, wakati wa Rais Truman, Marekani ilitunga sheria ya nyumba, na ndani yake wakaweka mikopo kwa ajili ya wakulima, kwa sababu benki hazikuwa zikiwatazama watu wa mashambani. Mwaka 1961 wakaufungua mlango huo kwa watu wote wa vijijini, hata asiye na jembe. Kwa hiyo hadi leo, mtu wa kijijini mwenye kipato kidogo anayetaka nyumba huomba kwenye tawi la Maendeleo Vijijini la Wizara ya Kilimo. Wewe unakata kuku zamu ya usiku, lakini ofisi yako ya nyumba ni ya kilimo. Kumbuka hilo, maana nilizunguka miaka miwili nikiuliza kwenye ofisi zisizohusika.

Mkopo huo unaitwa wa kifungu cha 502, ule wa moja kwa moja kutoka serikalini. Sikilizeni vizuri hapa. Mara nyingi hauhitaji kianzio, yaani fedha zako za kutanguliza. Unalipwa kwa miaka 33, na kwa wenye kipato cha chini zaidi hadi miaka 38. Na kwa familia ambazo kipato chao kinastahili, ruzuku inaweza kuishusha riba mpaka asilimia 1. Nimewafanyia hesabu. Tuchukulie nyumba pamoja na matengenezo yake ni dola 120,000. Kwa riba ya asilimia 5, miaka 33, kila mwezi ni kama dola 619. Kwa asilimia 1 ni kama dola 356. Kodi ya jengo na bima zinakuja juu ya hapo, msizisahau. Lakini niambieni, nani humu ndani anapanga kwa dola 356?

Na mkopo huo huo unaweza kubeba bei ya nyumba na gharama za kuitengeneza. Hili ndilo wengi hawalijui. Wanadhani lazima nyumba iwe imekamilika ndipo ikopewe. Hapana. Inatakiwa ikishatengenezwa iwe salama na ifae kuishi watu, na iwe ya kawaida, si jumba la fahari.

Masharti yapo. Uwe raia, au uwe na hadhi ya uhamiaji ambayo sheria inaitambua, kama wenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa kwa kudumu. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo usisikilize ya jirani, uliza kwa karatasi zako mwenyewe. Kipato kinapimwa kwa kaunti, yaani wilaya, unayoishi. Fedha zinapangwa na Bunge kila mwaka, na foleni inaweza kuwa ndefu. Mimi nilisubiri miezi kumi na moja. Na ukija kuiuza nyumba, serikali inaweza kudai sehemu ya ile ruzuku irudi. Nawaambia mapema ili siku hiyo ikifika msiseme mmeibiwa.

Kuhusu kredi, yaani historia yako ya kulipa madeni, acheni kujificha. Kama hujawahi kukopa, ofisi inaweza kuangalia risiti zako za kodi ya nyumba, bili za umeme, bili za simu. Sasa, sisi tuna likelemba yetu, upatu wa kuchangiana kwa zamu. Likelemba imenisomeshea wadogo zangu, naipenda. Lakini likelemba haionekani kwenye karatasi yoyote. Ukilipa kodi kwa noti mkononi, bila risiti, miaka mitano ya uaminifu wako inapotea hewani kama moshi. Dai risiti. Kila mwezi. Hata mwenye nyumba akinuna.

Najua kuna ndugu zangu Waislamu hapa ambao neno riba linawazuia, hata ikiwa asilimia moja. Sitawaambia kwamba hiyo si riba. Kaeni na masheikh wenu, na ulizeni kuhusu taasisi zinazofuata sharia, zipo Marekani. Lakini mengine yote ninayokwenda kusema kuhusu hati na kuhusu matengenezo yanawahusu sawasawa.

Sasa niseme jambo linaloniuma.

Kuna familia moja, baba, mama na watoto sita, tulifika nao mwezi mmoja. Wao walipata nyumba kabla yetu. Tulikwenda kuwapongeza, tukala, tukaimba. Hakukuwa na benki, hakukuwa na ofisi. Mwenye nyumba mwenyewe aliwaambia, nilipeni kidogo kidogo kila mwezi, na baada ya miaka kumi na mitano nyumba ni yenu. Wakatia saini. Wakaweka dola elfu sita za akiba yao. Wakatengeneza paa kwa mikono yao, wakaweka mashine mpya ya joto. Mwaka wa tatu baba akaumia mkono kiwandani, wakachelewa miezi miwili. Wakatolewa. Paa walilolitengeneza likabaki, mashine ya joto ikabaki, dola elfu sita zikabaki, na wao wakaja kulala sebuleni kwangu, watu wanane, majira ya baridi.

Kwa nini? Kwa sababu katika mkataba wa namna ile, hati inabaki kwa muuzaji mpaka siku ya malipo ya mwisho. Wewe unatengeneza nyumba ya mtu. Mama yule aliniambia, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa: "Dada, sisi tulisikia neno 'yenu', hatukuuliza neno 'lini'."

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kwenye nyumba yoyote si bei. Ni hili: siku ninapotia saini, hati inaandikwa jina la nani, na inasajiliwa kaunti? Kama jibu linazungukazunguka, simama uondoke. Hata kama umeipenda nyumba. Hata kama muuzaji anasali kanisa moja na wewe. Na usitie saini karatasi ambayo hukuielewa kwa lugha yako. Mkalimani wa simu anaweza kupatikana, na mtoto wako wa darasa la saba si mkalimani wa mikataba.

Tuingie ndani ya nyumba yenyewe.

Siku ya kwanza ya matengenezo nilifika na makopo mawili ya rangi ya manjano. Nilikuwa nimeichagua rangi hiyo tangu Nyarugusu, kichwani mwangu. Fundi aliyepangiwa kutusimamia, mzee wa Kimarekani mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyatazama makopo, akayabeba, akayafungia kwenye gari lake. Akasema, "Utayapata mwezi wa sita." Tulikuwa mwezi wa tatu. Nilikasirika, sitaki kuwaficha.

Halafu akasema tusifanye kitu chochote mpaka mvua inyeshe. Tukasubiri siku nne. Mvua iliponyesha alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi: vaa koti, njoo. Tukasimama nje ya nyumba, yeye, mimi na mume wangu, tunalowa, tunaitazama nyumba yetu.

Huko chini ya ardhi, ukuta mmoja ulikuwa unavuja siku zote. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameupaka rangi ya kuzuia maji mara tatu. Ungeziona tabaka tatu zikibanduka kama ganda la kitunguu. Fundi mwingine alikuwa ameshatuambia kwamba dawa ni kuchimba kuzunguka nyumba nzima, dola elfu kumi na mbili. Sasa tumesimama pale mvuani, mzee akanyoosha kidole juu. Gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa, lilikuwa limeziba kwa majani ya miaka minne. Maji yote ya paa, badala ya kwenda kwenye bomba, yalikuwa yanamwagika ukingoni na kuanguka palepale mguuni mwa ukuta. Na ardhi ya pale ilikuwa imeinamia nyumba, si nje. Yaani paa zima lilikuwa linamimina maji kwenye msingi, kila mvua, miaka minne, na mtu yuko chini anapaka rangi.

Tulizibua gata kwa mikono. Tukaongeza bomba la mita tatu kuyapeleka maji mbali. Tukaleta udongo, toroli kumi na nane, nilizihesabu, tukaushindilia ili ardhi iinamie nje. Hatukufikisha dola mia moja. Mvua iliyofuata nilishuka chini na tochi, nikaupapasa ukuta ule. Mkavu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli tupu. Ila mzee yule alinifundisha kwamba ufa wa chini huenda umeanzia juu, kwenye majani yaliyoziba gata. Maji kwanza! Ukinunua nyumba kuukuu, tafuta maji yanaingilia wapi: paa, gata, madirisha, ardhi inayoizunguka. Ukishayatoa maji nje, ndipo uende kwenye umeme, mabomba na joto. Mabomba ya nyumba iliyokaa tupu majira ya baridi huganda na kupasuka ndani ya ukuta ambako huoni, kwa hiyo mkaguzi afungue maji yote mbele yako kabla hujatia saini. Ndiyo, mlipe mkaguzi wako mwenyewe, dola mia chache, asiwe mkaguzi wa muuzaji. Kisha pamba ya kuzuia baridi darini. Kisha sakafu. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Nilipewa makopo yangu mwezi wa saba, si wa sita, na jikoni kwangu ni manjano mpaka leo.

Na kuna kazi ambazo si zetu. Waya za umeme na gesi, mwite mwenye leseni. Na kazi nyingi kubwa zinahitaji kibali cha mji. Usijenge usiku ukidhani hawataona. Siku ya kuuza au siku ya moto, utaulizwa kibali kiko wapi.

Sasa nitawaeleza kosa langu, na nawaomba wamama mnisikilize kwa makini, kwa sababu sikuambiwa na mtu, nililipata kwa damu ya mwanangu.

Madirisha yetu yalikuwa ya mbao za zamani, rangi imebabuka. Jumamosi moja, fundi wetu hayupo, niliamua kuwafurahisha wote. Nikachukua kisu cha kukwangulia na msasa, nikaanza kukwangua madirisha ya chumba cha watoto. Kavu kavu. Vumbi jeupe likatanda sakafuni kama unga wa muhogo. Mwanangu mdogo, miaka miwili, alikuwa anatambaa na kigari chake ndani ya vumbi hilo, anachora barabara kwa kidole, kisha kidole mdomoni. Niliona ni mchezo mzuri. Hata picha nilimpiga nikatuma kwa mama.

Mwezi uliofuata kliniki walimpima damu kama kawaida ya watoto wa umri ule. Walipiga simu siku ya pili. Damu ya mtoto ilikuwa na madini ya risasi, mikrogramu 9 kwa desilita moja. Kipimo ambacho madaktari huanza kumfuatilia mtoto ni 3.5.

Ndugu zangu, nyumba za nchi hii zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda zina rangi yenye risasi, maana mwaka huo ndipo ilipopigwa marufuku majumbani. Risasi haimwangushi mtoto chini siku hiyohiyo. Inaingia taratibu kwenye ubongo unaokua, na unakuja kuiona shuleni, mtoto hatulii, herufi hazikai. Hatukujua. Kambini tulijua malaria, tulijua kipindupindu, vumbi la dirisha nani alilijua?

Sheria inasema muuzaji wa nyumba ya kabla ya 1978 lazima akuambie anachokijua kuhusu rangi hiyo, akupe kijitabu, na akupe siku kumi za kuipima ukitaka. Mimi kijitabu nilipewa. Kilikuwa cha Kiingereza, nikakiweka kwenye droo pamoja na karatasi nyingine. Kosa ni langu. Lakini nyie mmeshasikia leo kwa Kiswahili: usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Usipige msasa mkavu. Lowesha kwa maji kwanza, tandika plastiki sakafuni, vaa barakoa inayofaa, funga mlango wa chumba, futa kwa kitambaa kibichi wala usifagie, na watoto na wajawazito wasiwepo nyumbani siku hiyo kabisa. Nguo za kazi zioshwe peke yake. Na watoto wapelekwe wakapimwe damu. Ni tone tu.

Mwanangu tulimsafishia nyumba yote upya, tukampa chakula chenye chuma na kalisi, dagaa, maharage, maziwa, mboga za majani. Baada ya mwaka kipimo kilishuka hadi 4. Ameanza shule sasa. Namtazama kila siku akisoma, na kila akikosea neno moyo wangu unaruka.

Nisiwaache na hofu. Nilifanya kosa lile siku niliyofanya kazi peke yangu. Na hapo ndipo nataka kuzungumzia kundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Goshen, California, familia za vibarua wa mashamba walioishi kwenye vibanda walianza kujengeana nyumba, wakisaidiwa na shirika la Waquaker, dhehebu la Kikristo. Mchana wanachuma matunda ya watu, jioni wanapiga misumari ya nyumba zao. Mwaka 1965 kazi hiyo ikazaa shirika la Self-Help Enterprises, na mwaka 1968 serikali ikaweka kwenye sheria kifungu cha 523, cha kuyalipa mashirika yanayosimamia makundi kama hayo. Tangu hapo zaidi ya nyumba 50,000 zimejengwa kwa njia hiyo nchi nzima. Kwa nyumba mpya, familia hufanya angalau asilimia 65 ya kazi, na kwenye makundi mengi hakuna anayehamia mpaka nyumba ya mwisho ikamilike. Yako ikiisha mapema, unakwenda kupiga misumari kwa jirani. Njia hiyo hiyo sasa inatumika, mahali pengine, kwa familia zinazonunua nyumba kuukuu na kuzikarabati. Mimi nilipitia huko. Si kila eneo lina shirika la namna hiyo. Ulizeni ofisi ya Maendeleo Vijijini ya kwenu kama lipo.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Warundi na Wanyarwanda, si mnajua kazi ya pamoja asubuhi ya Jumamosi? Watanzania, si mna msaragambo? Wazee wa Kongo wanaikumbuka salongo ya Mobutu, na najua wengine hamna hamu ya kuisikia, maana ile ilikuwa ya amri. Hii unajiandikisha mwenyewe, na mwisho wake kuna hati yenye jina lako.

Na niwape habari njema watu wa Kongo. Mwaka 1973 mume na mke Wamarekani, Millard na Linda Fuller, walihamia Mbandaka, kwenye mto wetu, wakakaa miaka mitatu wakijenga nyumba pamoja na watu wa pale, kwa mikopo isiyo na faida. Waliporudi Marekani, jimbo la Georgia, mwaka 1976, wakaanzisha Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba ambalo leo Wamarekani wengi wanalijua. Yaani kabla jambo hili halijaenea Marekani nzima, lilijaribiwa Kongo. Kwa hiyo tukishika nyundo hapa hatuigi mtu.

Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja wa Uvira, mjane, watoto watano. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na kitenge chake, akasema kazi ya drili ni ya wanaume, yeye atapika. Fundi hakubishana naye. Alimpa pima maji tu, akamwomba aangalie kama fremu ya mlango imenyooka. Mama akalitazama lile povu la hewa ndani ya kioo, akasogeza, akatazama tena. Akasema haijanyooka. Wanaume wakasema imenyooka. Fundi akaangalia: mama alikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo hakuna mlango uliofungwa kwenye nyumba zetu tano bila yeye kuupima. Alijifunza kufunga bodi za jipsamu, alijifunza kukata vigae, na kwenye nyumba yake mwenyewe aliniita akanionyesha mlango wa chooni: aliufungua nusu, akauacha, na mlango ukasimama pale pale, haukujifunga wala kujifungua. "Umeona?" akaniambia. "Umeona?"

Jambo la mwisho ni la majirani zetu. Tusidhani shida ya nyumba vijijini ni ya wakimbizi peke yetu. Mkabala na kwangu anaishi bibi wa Kimarekani, miaka sabini na nne, amezaliwa kwenye nyumba ile. Mvua ikinyesha nilikuwa namwona dirishani akihamisha sufuria kutoka pembe hii hadi pembe ile. Alikuwa anaona aibu kuomba. Nilipomjua zaidi nikamweleza kuhusu kifungu cha 504, kwa ajili ya mwenye nyumba wa kijijini mwenye kipato cha chini sana: mkopo wa hadi dola 40,000 kwa asilimia 1, miaka 20, na kwa mwenye miaka 62 au zaidi asiyeweza kulipa mkopo, msaada wa hadi dola 10,000 wa kuondoa yanayohatarisha afya na usalama wake. Fikirieni: mimi, wa Nyarugusu, nikamjazia fomu ya serikali yake kwenye meza yake ya jikoni. Alipata paa. Siku mafundi walipomaliza alivuka barabara na keki, akaniambia sufuria zake sasa zimerudi kupika.

Kama una miaka 62, au mzazi wako anamiliki nyumba inayovuja, njoo unione leo kabla hujatoka. Nina fomu kumi na tano kwenye begi.

Na kwa wote: Jumamosi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, tunazibua gata na kubadilisha mbao za kibaraza kwa yule baba aliyeumia mkono. Ndiyo, yule yule. Mwezi wa kumi alitia saini nyingine, na safari hii hati imesajiliwa kaunti. Njooni na glovu na viatu vyenye soli ngumu. Nyumba ni ya 1951, kwa hiyo madirisha hatuyagusi, na watoto waachwe kwa shangazi. Chai na mandazi nitaleta mimi. Mama wa Uvira ameshasema anakuja na pima maji yake.